Boksi la King'ora Lililogoma Matombo

"Ndugu zangu, programu ya Judith ni mbovu. Nilimwambia tangu mwanzo, hakunisikia."

Aliyesema hayo ni Raphael. Mchumba wangu! Mtu aliyenivisha pete Pasaka iliyopita, mama yangu akipiga vigelegele.

Aliyasema amesimama, mkutano mzima wa kijiji unamsikiliza, na mimi nimeinamia skrini kama mwizi wa kuku aliyenaswa bandani...

Tulieni niwaeleze kwa utaratibu, maana hasira zenyewe bado hazijaisha.

Naitwa Judith. Naishi Morogoro mjini, Mafiga, na kazi yangu ni kompyuta. Lakini kwetu ni huku juu, Matombo. Nyumba ya mama iko chini kabisa, ukingoni mwa mto. Masika ya mwaka jana mto ulipanda ukabeba jiko lake na mbuzi wake wote. Tukamwambia ahame.

"Nihame niende wapi? Ardhi hii nimepewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Mnataka niyaachie maji?"

Kwetu Uluguru ardhi inafuata upande wa mama. Kwa hiyo hakuna wa kumwamuru. Hata mjomba Severini, kaka yake wa tumbo moja, alijaribu akaishia kupewa ndizi za kwenda nazo nyumbani.

Nikasema basi. Kama mama hahami, angalau ajue mto unakuja.

Tukafunga kipimo cha mvua kule juu mlimani, kinachotuma nambari zake kwa redio, bila mtandao. King'ora tukakiweka kwenye paa la ofisi ya kijiji. Katikati yake ni boksi moja jeusi la kompyuta, used, nililonunua mjini. Mvua ikizidi kule juu, boksi linapiga king'ora huku chini, watu wanakimbilia misheni kilimani.

Sasa programu ya kusoma kile kipimo huikuti dukani. Iko bure mtandaoni, ila mbichi. Unapewa maandishi yake matupu, halafu unaipika mwenyewe kwenye kompyuta mpaka iwe kitu kinachokimbia. Nikaipika kwenye laptop yangu. Nikaiambia itumie kila uwezo wa mashine za rika lile, maana laptop na boksi ni wa rika moja.

Kila kitu nikakiweka kwenye flashi. Ukiichomeka, boksi linaamkia humo humo. Diski ya ndani ya boksi niliiacha tupu kabisa. Likumbukeni hilo.

Mjini tuliijaribu sebuleni kwangu. Nikamwagia kipimo maji kwa kikombe, king'ora kikalia mpaka jirani akatoka na taulo. Raphael akanikumbatia. Ndiye aliyelipandisha boksi kijijini, akaliacha kwa mjomba Severini. Flashi nikabaki nayo mimi.

Haya, siku ya mkutano ikafika. Nikachomeka flashi, boksi likaamka vizuri tu. Nikaiita programu.

Ikafa.

Yaani hata kukohoa haikukohoa. Skrini iliandika maneno mawili ya Kiingereza ambayo ukiyaleta kwenye Kiswahili ni kama amri haramu.

"Inasemaje?" akauliza mama Rosa, mwenyekiti wetu wa kijiji.

"Inasema amri haramu, mama."

"Haramu tena? Kwani umeiamrisha nini?"

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Rehani, mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu pale senta. Rehani ni mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo kunicheka ni haki yake ya kuzaliwa.

"Mtoto wa mjini, hebu ibembeleze! Labda haijanywa chai!"

Nikajaribu tena. Amri haramu. Nikazima, nikawasha. Amri haramu.

Hapo ndipo Raphael aliposimama na kusema mliyoyasikia. Akaongeza kwamba anaijua programu nyingine ya kulipia, inayokaa kwenye simu, haina usumbufu.

"Hiyo si inataka mtandao?" nikamuuliza.

"Kila kitu siku hizi kinataka mtandao, Judith."

Wadau, huku kwetu mvua ikinyesha mtandao haushiki hata ukipanda mnazi. Raphael anajua hilo. Alishawahi kunitafuta masika nzima.

Mama Rosa akaangalia mlimani. Wingu lilikuwa limekaa kule juu, zito, jeusi.

"Judith mwanangu, tunakupa mpaka alasiri. Ikishindikana tunachukua ya mwenzio. Hatuwezi kungoja mto utupigie hodi."

Mama yangu alikunja kanga yake akaondoka kurudi nyumbani, kule kule mtoni. Roho iliniuma kuliko maneno ya Raphael.

Nikajifungia ofisi ya kijiji na lile boksi.

Jamani, kuna hasira za aina nyingi. Ya mapenzi naijua, ya njaa naijua. Lakini hasira ya programu iliyokubali jana na leo haitaki, na hakuna ulichobadilisha, hiyo ni ya peke yake. Nilidhani imenyimwa ruhusa. Nikaipa ruhusa zote, zilizobaki ni za kuoa tu. Ikafa. Nikadhani kuna kitu inachokitegemea kimekosekana. Nikakagua kimoja kimoja, vyote vipo. Nikabadilisha waya. Nikaipika upya mwanzo mpaka mwisho, laptop ikachemka paja likaungua.

Kwenye laptop inakimbia. Kwenye boksi inakufa.

Nikalipiga kofi boksi. Samahani, ila nililipiga.

Halafu nikakaa chini, nikalia kidogo, nikajifuta. Nikajiuliza kitu ambacho ningejiuliza mwanzo. Hivi hili kosa lenyewe linasema nini?

Amri haramu maana yake ni kwamba kompyuta imepewa agizo ambalo ubongo wake haukuzaliwa nalo. Siyo kwamba programu imekosea. Ni mashine haiijui hiyo lugha. Lakini mashine hii si iliijua sebuleni kwangu?

Nikaiuliza, wewe ubongo wako ni upi?

Ikanijibu. Na ubongo ilionitajia ni wa zamani, mkuu kwa rika nyingi kuliko ule nilionunua mimi...

Hili boksi lilikuwa jeusi vile vile, na umbo lile lile. Lakini halikuwa langu.

Ningeweza kuipika programu upya ilifae hilo boksi la kizee, na nilijaribu. Ikakimbia kidogo, boksi likachemka, likazima lenyewe. Niyaweke maisha ya mama yangu humo? Hapana.

Nikatoka nje mbio. Nani alilibeba boksi kutoka mjini? Raphael. Nani anataka programu yangu ishindwe? Raphael.

Nilimkuta barazani anakunywa chai na mjomba Severini na mama Rosa. Nikavua pete nikaiweka kwenye sahani ya mihogo.

"Mwizi wewe! Umelibadilisha boksi langu ili unidhalilishe mbele ya watu wangu."

"Nimebadilisha nini?"

"Usijifanye. Boksi ulilolipandisha wewe ndilo hili?"

Raphael akaweka kikombe chini taratibu.

"Judith, nimekukosea kwa mdomo, nakubali. Niliogopa masika itaingia kijiji hakina chochote. Lakini mkono wangu haujagusa boksi lako. Kama si lako, lina mwenyewe. Angalia kwenye diski yake."

Diski! Ile niliyoiacha tupu.

Nikarudi ndani, nikaifungua, wote wakiwa nyuma yangu. Ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Singeli, taarabu, kwaya, filamu za kutafsiriwa. Na mafaili yamepangwa kwa majina ya wateja. Nyimbo za mama Zuleha. Nyimbo za Godlisten wa bodaboda.

Hapa Matombo kuna kibanda kimoja tu cha nyimbo.

Halafu mjomba Severini akakohoa. Kile kikohozi cha mtu mzima mwenye jambo.

"Mjomba, shikamoo yako nilishakupa asubuhi. Sema."

"Ni yale mambo ya msiba, mwanangu. Yalishaisha."

Mama mdogo Anastasia alitutoka juzi juzi, na matanga yalikuwa kwa mjomba. Mimi nilizika nikarudi mjini kumalizia kazi. Sikuwepo siku ya kuanua tanga. Na kwetu, msiba ni wa watani. Watamkejeli marehemu, watawachekesha wafiwa, na watabeba kitu cha nyumba wakakifiche. Hukirudishiwi mpaka ukikomboe. Na hakuna kukasirika, ukikasirika umeshindwa.

Rehani, siku hiyo, alibeba boksi langu.

"Na watu wote mlijua?" nikauliza.

Mama Rosa akaangalia dari.

"Tulijua lilibebwa, mwanangu. Ila Severini alisema kalikomboa. Na kitu cha watani hakisemwi mkutanoni."

Wadau, mkutano mzima ule! Kila mtu alijua boksi lilipita mikono ya mtani, isipokuwa mimi na Raphael, ambaye kwao ni Moshi. Nimekaa naungua mapaja, na jibu lilikuwa limekaa kwenye mabenchi.

Tukashuka senta wote. Manyunyu yalikuwa yameshaanza. Rehani tulimkuta kibandani, spika zinaunguruma, na chini ya meza boksi langu linafanya kazi kwa raha zake.

"Karibuni! Siku hizi nyimbo zinaingia chap, hata chai huimalizi."

"Rehani, hilo ni boksi langu."

"Nalijua. Muulize mjomba wako alilikomboa kwa kitu gani."

Mjomba akaangalia viatu vyake.

"Nilitaka jogoo," Rehani akasema. "Desturi ni jogoo. Severini kaniletea kifaranga, tena kina kideri. Nikasema sawa, ukinipa kifaranga na mimi nakupa kifaranga. Nikamrudishia la kwangu bovu. Nikangoja mje tucheke, tumalize. Wiki nzima hamji. Leo nakuta mnapelekana kwenye mikutano na masura yamekunjana."

"Sasa kwa nini hukusema pale?"

"Mtani hasemi. Mtani anaulizwa."

Sikujua nicheke au nimtupie kiti. Mjomba alikwenda mwenyewe kumkamata jogoo, amenuna, manyoya yamemjaa begani. Rehani akampokea, akamkagua kifua, akaniachia boksi. Raphael akalibeba begani chini ya turubai mpaka ofisini.

Nikachomeka flashi. Nikaiita programu.

Ikakimbia. Mara ya kwanza, bila kubembelezwa.

Na nambari ya kwanza iliyosoma kutoka mlimani ikanikata maini. Huku chini ni manyunyu, kule juu mvua ilikuwa inamwagika. Sikuwahi hata kushangilia. King'ora kikaanza kulia juu ya vichwa vyetu, chenyewe.

Watu wakatoka na watoto, wakapanda misheni. Mimi nikakimbia kushuka kwa mama, Raphael nyuma yangu, na Rehani nyuma ya Raphael.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele.

"Mama, twende!"

"Nimekisikia king'ora chako, kizuri. Nendeni. Mimi hapa ni kwetu."

"Mama, mto unakuja!"

"Uje. Utanikuta."

Nikamvuta mkono, akaukaza. Nikapiga magoti kwenye matope. Raphael akamsihi. Mama anachambua mchele. Kazi yote ile, mlima wote ule, programu imekubali, king'ora kinalia, na mama yangu amekaa! Nililia kwa sauti.

Rehani akatupita, akaingia jikoni, akatoka na chungu kikubwa cheusi. Chungu cha bibi. Bibi alikirithi kwa mama yake, na mama hakiazimi hata kwa harusi.

Akakiweka kichwani, akaanza kukimbia kupanda mlima.

"Mtani kabeba chungu cha mama yangu!"

Mchele ulimwagika wote. Mama yangu, mwenye magoti yanayomuuma kila asubuhi, aliinuka akamfukuza Rehani peku peku, anamtukana yeye na ukoo wake mpaka mababu. Rehani anageuka, anamchekea, anakaza mwendo. Sisi nyuma.

Mama alimkamata kule misheni, kwenye uwanja wa kanisa. Akamnyang'anya chungu, akakikumbatia, akageuka ili arudi nyumbani.

Hapakuwa na pa kurudi. Maji yalikuwa yameshafika kwenye madirisha.

Mama akakaa chini pale pale, chungu mapajani.

"Sasa kikomboe," Rehani akasema, pole pole.

"Jogoo wangu kabaki huko chini, Rehani."

"Basi nitakudai."

Mama akacheka. Akacheka mpaka akalia, na Rehani akakaa kando yake wakalia wote.

Hakufa mtu siku ile. Mama sasa anakaa kwa mjomba Severini, anamnyanyasa kwa ubahili wake. Raphael nilimwomba msamaha kwa kumwita mwizi, mbele ya watu wale wale. Na yeye aliniomba wa kwake. Pete ameirudisha, iko kwenye droo, bado naiangalia.

Ninachowaambia ni hiki. Kitu kikigoma, soma kwanza kinakwambia nini kabla hujatafuta wa kumlaumu. Boksi liliniambia ukweli tangu mara ya kwanza, mimi nikalipiga kofi. Na ukitaka kuokoa watu, usijue mitambo tu. Ujue pia nani anaweza kuwainua kwenye kiti.

Programu nimeipika upya wiki iliyopita. Nimeongeza mstari mmoja tu. Mvua ikizidi mlimani, kabla king'ora hakijalia, meseji inakwenda kwanza, kwa redio ile ile, kibandani kwa Rehani.