Bingwa Aliyefumba Macho

Kila Jumamosi asubuhi huwa tunafua. Mama anafua, mimi naanika, na mdogo wangu wa darasa la tatu ananipa vibanio. Siku hiyo alikuja na maringo tele. Gemu mpya ya hesabu kwenye kompyuta za shule ilikuwa imempa taji la bingwa wa kugawanya.

"Haya, bingwa," nikamwambia, "vibanio hivi kumi na viwili tugawane sisi wawili na mama. Kila mtu vingapi?"

Akavitazama, kisha akanitazama mimi. "Kwani majibu ya kuchagua yako wapi?"

Mama alicheka, lakini mimi nilikasirika. Jumatatu darasa letu la sita lingeulizwa, kwa niaba ya wanafunzi wote, kama linaikubali gemu hiyo. Tukiikubali, ingechukua vipindi vyote vya hesabu vya mchana shule nzima, na mdogo wangu angebaki na taji lake bila kujua kugawanya.

Jumatatu ikafika. "Wanaoikubali, mikono juu," mwalimu wa hesabu akasema.

Mikono ikainuka darasa zima. Mimi nilikunja yangu kifuani.

"Mbishi, leo kuna nini tena?" Hilo ndilo jina langu shuleni, na silionei haya.

"Haifundishi, mwalimu."

"Wenzako wote wanaipenda. Wewe nani mpaka uikatae?"

"Kuipenda wanaipenda. Mimi nasema haifundishi. Naomba niicheze hapa mbele, nimefungwa macho."

Darasa likaguna. Mwalimu hakufurahi hata kidogo, lakini aliiwasha. Rafiki yangu akanifunga macho kwa sweta. Kila swali lilikuwa na majibu matatu, na ukikosea, jibu baya linafutika, unachagua tena. Basi nikawa nabonyeza vitufe vya namba, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, na ndege wa kwenye gemu akawa ananipigia makofi. Mara nikasikia kicheko. Nilipofunguliwa macho, taji lilikuwa kwenye skrini.

Mwalimu aliizima gemu. "Tangu gemu hii ije, madarasa yametulia," akasema. "Nikaona utulivu, nikadhani mnasoma. Nimekosea. Kitu cha watoto tusikipime kwa jinsi kinavyowanyamazisha. Tukipime kwa kile mtoto anachoweza kufanya akishakizima. Vipindi vya mchana vinabaki. Na nyinyi, mkiona jambo haliko sawa, semeni, hata ukiwa peke yako. Ila uwe na cha kuonyesha, kama Mbishi."

Mdogo wangu alininunia kwa ajili ya taji lake. Lakini hakukosa kipindi hata kimoja, na Jumamosi moja alininyang'anya vibanio, akavipanga chini mafungu matatu, midomo ikimchezacheza kwa kuhesabu.

"Vinne vinne," akasema. "Na usinipigie makofi."