Nafasi ya Chizuru Mezani

Ratih alishuka treni Matsue siku ya Jumanne, katika manyunyu ya Oktoba, akiwa na sanduku lililovunjika gurudumu na Kijapani cha darasani alichojifunza kwao Malang. Bi Kajitani alikuwa akimsubiri nje ya stesheni na miavuli miwili. Mjane huyo alikuwa amekiomba chuo mwenyewe kimpe mwanafunzi mgeni wa kukaa naye. Nyumba ni kubwa, alisema, na televisheni haijibu ukiisemesha.

"Mbona umekonda hivi?" alimuuliza, akimtazama juu hadi chini. "Huko kwenu mlikuwa mnakula picha za chakula?"

Ratih akacheka, na safari yote ikamtoka mabegani.

Akapewa chumba cha juu. Kilikuwa cha binti wa nyumba, Chizuru, aliyefanya kazi ofisini Osaka na ambaye siku hizi hata Mwaka Mpya haji. "Ana kazi nyingi," Bi Kajitani alisema, akifuta vumbi ambalo halikuwepo. Jioni wakala samaki vibua wa kuokwa, wali na supu ya miso. Mama huyo alikuwa ameulizia mapema asichokula mgeni wake, akaondoa nguruwe na pombe ya kupikia jikoni kwake bila kunung'unika. Wali aliupakua kwenye bakuli la bluu lililochorwa sungura.

"Hili ni la Chizuru. Tumia tu, mwenyewe hayupo. Na kaa pale, upande wa dirisha. Ni pake pale."

Ratih alikuwa wa tatu katika watoto sita. Kwao sahani ilikuwa ya aliyewahi, na kifua cha mama kilikuwa cha mdogo kuliko wote. Usiku ule alilala akiliwaza bakuli. Hakuwahi kuwa na bakuli lake.

Wiki haikuisha, neno "Mama" likamponyoka mdomoni, na Bi Kajitani akaliitikia kama aliyekuwa analisubiri. Jirani yao, Bi Sonoda, aliwaona wakianua nguo pamoja, akachungulia juu ya ua.

"Kajitani, we! Umejifungua uzeeni? Tena kazaliwa mkubwa hivyo!"

"Na huyu ndiye anayenisikiliza," Bi Kajitani akajibu. "Yule wa Osaka hata simu hapokei."

Wakacheka wote watatu. Huko juu, mlango wa kusukuma wa chumba cha Ratih ukajifunga kwa kishindo. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia. Hapakuwa na upepo.

Kesho yake alasiri Ratih alirudi kutoka chuoni, akavua viatu mlangoni, akaita kama alivyofundishwa: "Nimerudi!"

"Karibu nyumbani," sauti ikamjibu kutoka juu.

Akapanda ngazi huku akiongea. Alikuwa na kisa cha kuchekesha cha mwalimu wao wa kuandika. Alipofika katikati, mlango wa mbele ukafunguliwa nyuma yake. Bi Kajitani akaingia na mfuko wa vitunguu, mwavuli ukimchuruzika.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Ratih akashuka, akaenda kukaa mahali pake mezani. Mto wa kukalia ulikuwa wa moto.

Jioni ile alipoinua bakuli la sungura, likaachana vipande viwili mkononi mwake. Halikulia. Liliachana tu, kama tunda lililokatwa tangu asubuhi, wali ukammwagikia mapajani. "Cha udongo huvunjika," Bi Kajitani alisema. Lakini alivifunga vile vipande kwenye gazeti polepole mno, na hakula tena.

Ratih akampigia simu mama yake Malang.

"Soma dua ulale, nduk," mama alimwambia, akimwita kama wanavyoitwa mabinti wa Kijava. Nyuma yake wadogo zake walikuwa wanagombania kitu. "Na usizoee sana. Nyumba ya watu ina wenyewe."

Maneno yale yalimchoma Ratih. Mama yake alikuwa na watoto wengine watano wa kukumbatia. Alikuwa na haki gani ya kumnyima yeye mtu mmoja?

Ijumaa alimwona.

Ilikuwa mchana, jua limetoka. Bi Kajitani alikuwa jikoni akimenya figili na kuimba. Ratih akasukuma mlango wa sebule. Mwanamke alikuwa amekaa upande wa dirisha. Suti ya kijivu ya ofisini. Soksi nyembamba, bila viatu. Shingoni, utepe wa kitambulisho cha kazi. Mwanamke akageuza kichwa taratibu. Macho yake yalikuwa yamefumba nusu, kama ya mtu anayepigana na usingizi. Midomo ikacheza.

"Hapo pangu."

Ratih akapepesa macho. Hapakuwa na mtu. Mto wa kukalia ulikuwa umebonyea, nao ukaanza kuinuka kidogo kidogo, kama unavyoinuka mtu akitoka.

Jikoni wimbo ukaendelea. Ratih alifungua mdomo, akaufunga. Akisema, atahamishwa. Watamtafutia bweni. Alimwogopa yule mwanamke, lakini kuhama alikuogopa zaidi. Siku ile alikula akiwa amekaa pale pale, mgongo wima, akishindana na hewa.

Jumapili Bi Kajitani akashusha sanduku jembamba la mbao kutoka kabatini. Ndani mlikuwa na kimono ya rangi ya zambarau, hariri tupu, iliyoshonwa Chizuru alipotimiza umri wa utu uzima.

"Aliivaa mara moja tu. Simama, nikupige picha umpelekee mama yako. Aone nilivyokulea."

Akamvika mbele ya kioo, na mtandio wake kichwani, akamzungushia mkanda wake mpana, wa zambarau pia, kiunoni na kuufunga mgongoni. Akarudi nyuma kumtazama. Machozi yakamlenga. "Ungekuwa wangu wewe," alisema, akashuka kutafuta kamera.

Ratih akabaki akijitazama. Alipendeza. Akatamani Chizuru angemwona.

Mkanda ukakaza.

Alidhani ni pumzi yake. Akatoa pumzi. Mkanda ukakaza tena, ukamfuata. Akapeleka mikono nyuma atafute fundo. Vidole vyake vikagusa vidole.

Akatazama kioo. Nyuma ya bega lake, suti ya kijivu. Utepe shingoni. Macho yamefumba nusu. Mwanamke alikuwa ameweka goti kwenye mgongo wa Ratih, anavuta.

"Vua," alinong'ona. "Vua. Ni yangu. Mama ni wangu."

Ratih hakuweza kupiga kelele. Akaanza Ayatul Kursi. Maneno yakakatika. Akaanza tena. Mbavu zikalia. Kioo kikawa cheusi.

Alizinduka amelala kwenye mkeka, Bi Kajitani amepiga magoti kando yake na mkasi wa kukatia samaki. Mkanda ulikuwa umekatwa. Mama huyo hakumwangalia yeye. Alikuwa ameshika lile fundo kwenye kiganja, uso wake mweupe kama karatasi.

"Sikufunga hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Hivi, kitanzi kuzunguka kitanzi, kushoto kwenda kulia. Chizuru ndiye anayefunga hivi. Tangu mtoto. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

"Amekufa, Mama?" Ratih akauliza.

"Ingekuwa nafuu." Mara akajiziba mdomo kwa alilolisema. "Wazee wetu walituambia, mwanangu. Wivu ukizidi, roho ya mtu aliye hai hutoka ikaenda inakotaka, na mwenyewe hana habari. Aliyekufa utamwombea, utamchomea ubani, ataondoka. Aliye hai utamfanya nini?"

Akachukua simu. Safari hii Chizuru akapokea.

Alifika kesho yake mchana. Ratih alimfungulia mlango, na bilauri aliyoshika ikaanguka. Suti ya kijivu. Utepe shingoni, alisahau kuuvua. Chizuru naye akashika ukuta.

"Ni wewe," alisema. "Wewe ndiye wa kwenye ndoto."

Wakakaa watatu, na hakuna aliyethubutu kukaa upande wa dirisha. Chizuru aliongea akitazama mikono yake. Alikuwa amechoka kazini kiasi cha kusinzia mezani mchana. Kila akisinzia, anaota yuko nyumbani. Anapanda ngazi. Anasikia mama anaimba. Na kila siku kuna msichana kwenye nafasi yake, anakula, na mama anamwambia ongeza.

"Jana nilikwenda ofisini, Jumapili, nikasinzia. Nikaota nakaza kitu. Nilipoamka mikono ilikuwa inaniuma."

Akaifunua. Vidole vyote vilikuwa na michubuko, kama vya mtu aliyevuta kamba. Kwenye kucha mbili kulikuwa na nyuzi za zambarau.

"Kwa nini hukurudi tu, mpumbavu wewe?" Bi Kajitani akasema, na sauti ikamvunjika. "Mlango una kufuli?"

"Ulisema nikiondoka nisirudi."

"Mama huwa anasema!"

Chizuru akainama mbele ya Ratih mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaomba radhi. "Yamekwisha, dada," Ratih akasema. Alisema kwa mdomo. Bi Kajitani alikuwa amekipakata kichwa cha binti yake, anamchana nywele kwa vidole na kumwita jina la utotoni. Hakugeuka kumtazama Ratih. Hakugeuka hata mara moja.

Chizuru aliacha kazi Osaka, akarudi nyumbani. Ratih akahamia bweni la chuo, ng'ambo ya mto. Bi Kajitani alilia stesheni ya basi, akamfungashia matonge ya wali, akamwambia aje kila Jumapili. Jumapili ya kwanza alikwenda. Chizuru alikuwa amenenepa kidogo. Walimkaribisha vizuri sana, wakampa mto wa wageni, karibu na mlango, na bakuli jeupe lisilo na mchoro. Jumapili ya pili alisingizia masomo.

Bwenini alikula mkate amesimama. Usiku hakupata usingizi. Alikuwa akifikiria nani anaanua nguo na nani, na wanacheka nini.

Alasiri moja darasani, mwalimu akisoma, kope za Ratih zikawa nzito. Akasikia harufu ya vibua vinaokwa. Akavua viatu. Mlango ukasukumika bila sauti. Chizuru alikuwa amekaa upande wa dirisha, mdomo umejaa wali, na mama anamwambia ongeza, mwanangu, ongeza. Ratih alitaka tu anyamaze kutafuna. Akamwekea mkono mdomoni na puani. Akakandamiza.

"Ratih!" Aliyeketi jirani yake alikuwa anamtikisa. "Simu yako inalia."

Akatoka nayo kwenye korido. Alikuwa Bi Kajitani.

"Uko wapi?"

"Chuoni, Mama. Darasani."

Huko nyuma mtu alikuwa anakohoa, anavuta hewa kwa mlio, anakohoa tena.

"Basi hakuna kitu," Bi Kajitani akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mgeni. "Nilidhani nimekusikia ngazini."

Simu ikakatwa. Mkono wa Ratih ulikuwa unamwaka moto. Akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya kidole gumba, kwenye nyama ya kiganja, palikuwa na alama za meno ya mtu mzima, safu ya juu na ya chini, nyekundu, zimezama ndani.

Zilikuwa bado na mate.