Skrubu ya Nne

Jumamosi nyumbani kwa kina Sunniva, mjini Trondheim, ilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi walisafisha nyumba, mchana wakala uji wa mchele wenye siagi na mdalasini, kisha Sunniva akaenda kununua peremende, maana siku nyingine hakuruhusiwa. Jumamosi hii hakwenda. Alibaki sebuleni akilitazama bamba la chuma lililoshikilia televisheni ukutani. Baba yake ndiye aliyelifunga, na Baba alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita.

Bamba hilo lilitakiwa kuondolewa. Kesho yake Babu Eilert, aliyevunjika nyonga, angetoka hospitali na kulala pale sebuleni. Mama alikuwa amenunua kishikio kipya chenye mkono wa kukunja, ili televisheni igeuzwe kuelekea kitandani. Kazi ilibidi iishe kabla ya usiku, kwani Jumapili hakuna aliyethubutu kuwasha drili ya kutoboa ukuta katika jengo lile. Majirani wangekuja juu kama moto wa kifuu.

Waliishusha televisheni pamoja. Kisha Mama akamwachia Sunniva bisibisi, akamwambia afungue skrubu nne za bamba, yeye akakimbilia dukani kununua maziwa.

Tatu zilitoka bila shida. Kwa ile ya nne moyo ulikataa. Ikitoka hiyo, aliwaza, Baba hatakuwa na kitu tena humu ndani. Akachukua bisibisi ndogo isiyoenea, akaizungusha kwa nguvu mpaka kichwa cha skrubu kikalika, kikawa laini.

Mama aliporudi, Sunniva alisema skrubu imekwama tu. Mama akajaribu, bisibisi ikateleza. Akajaribu tena, ikamchubua vidole. Kengele za kanisa zilipolia jioni hiyo kuikaribisha Jumapili, aliketi sakafuni akalia, yeye ambaye tangu mazishi alilia bafuni tu, maji yakiwa yamefunguliwa.

"Skrubu moja, Sunniva. Skrubu moja imenishinda. Huyo mzee nitamtunza vipi? Na wewe nitakulea vipi?"

Sunniva aliketi kando yake. Alikuwa ametaka kumlinda Baba, kumbe alikuwa anamvunja Mama.

"Hujashindwa, Mama," alisema. "Ni mimi. Nimeiharibu makusudi."

"Makusudi? Kwa nini, mwanangu?"

"Ni ya Baba."

Mama hakumgombeza. Alimvuta kifuani wakalia wote wawili. Kisha akampigia simu jirani yao Aslak, aliyekuwa kwenye kibanda chake cha mlimani kama kila mwisho wa wiki. Aslak alimwambia aweke kipande cha mpira mpana kati ya bisibisi na skrubu, akandamize sana, azungushe polepole, maana hapo hapatolewi medali ya mbio. Sunniva alikandamiza kwa mikono miwili, Mama akazungusha. Mpira ulikishika kichwa cha skrubu, skrubu ikalia, ikaanza kutoka.

Mama alitoboa matundu mapya haraka haraka, na kabla jengo halijatulia kwa usiku kishikio kilikuwa ukutani. Sunniva alililaza bamba la zamani sakafuni, akaomba msamaha kwa uongo aliousema.

"Nimekusamehe," Mama alisema. "Lakini nami nina langu la kusema. Maziwa yalikuwapo, mwanangu. Nilikwenda dukani kwa sababu sikuweza kutazama bamba hilo likitoka. Nikakuachia wewe, mtoto, jambo lililonishinda mimi mtu mzima."

Sunniva alifungua jokofu. Paketi mbili za maziwa zilikuwa zimesimama pamoja.

"Tumedanganyana wote wawili," Mama aliendelea, "na kila mmoja akaumia peke yake. Uchungu ukifichwa haupungui, Sunniva, unaharibu na kazi. Kuanzia leo, ukishindwa kugusa kitu cha baba yako, niambie. Nami nitakwambia. Tutakaa chini tulie kwanza, halafu tutakigusa pamoja."