Mashua ya Boksi

Sisi tulikuwa tukikaa Unguja Ukuu, na mama yangu akikaa Uzi, kisiwa cha jirani. Maji yakitoka, tulivuka kwa miguu. Yakijaa, basi tena, tulibaki kutazama mikoko. Mama alikuwa mgonjwa, na maji hayamngoji mgonjwa.

Mwaka wa 1967 mume wangu, Msabah, aliamua kuunda mashua. Kazi yake ilikuwa kulima muhogo, na ubishi ndio urithi wake. Tulikuwa na mbao za dari ya nyumba ya marehemu baba. Mbao nyingine hatukuwa na pa kuzipata.

Asubuhi moja nilimkuta ameshika msumeno.

"Ushapima?" nikamuuliza.

"Kazija, babu yangu hakuwa akipima. Akitazama tu, akakata."

"Babu yako kaunda mashua ngapi? Na wewe hii ya ngapi?"

Akaulaza msumeno juu ya ubao. Nikaenda mbio kumleta jirani yetu Usi, fundi wa mashua.

"Shikamoo, fundi," Msabah akasema alipomwona.

"Marahaba. Weka msumeno chini, mwanangu. Mkeo anashona kanzu. Muulize anavyokata."

"Nnakata karatasi kwanza," nikasema. "Kitambaa baadaye."

"Basi na mbao ni hivyo hivyo."

Usi alituchorea mashua ya futi kumi kwenye boksi la sabuni. Kila futi ya mashua ilikuwa inchi moja ya boksi. Nilivikata vipande, nikavishona kwa sindano, nikavipaka nta ya mshumaa visilowe. Tukaielesha katika beseni.

Usi akaokota vijiwe vitatu, akavitia ndani kimoja kimoja. "Huyu Msabah. Huyu Kazija. Na huyu mama, anapanda kwa ubavuni."

Mashua ikapinduka. Msabah akakiokota kijiwe cha mama ndani ya beseni. Nadhani alimwona mkwewe majini.

"Chini pamebana," Usi akasema. "Ongezeni upana. Boksi likiharibika, tutakata jingine. Ubao je?"

Tukashona ya pili, pana zaidi. Mama akapanda. Ikayumba kidogo, ikatulia.

Ndipo Msabah akapima vipande vile kimoja kimoja, na kila inchi akaifanya futi kwenye ubao. Hakuharibu hata ubao mmoja. Usi akamsaidia kuziba nafasi kwa pamba na mafuta, isivuje.

Haukupita muda, mama akazidiwa, na maji yamejaa. Tulimvusha, tukamfikisha hospitali. Njia nzima alikuwa akimwambia mkwewe apige kasia taratibu. Alipona, akaishi nasi miaka mingi.

Nazikumbuka sana siku zile. Mashua ya mbao imeshaoza, na Msabah hayupo tena. Ile ya boksi ipo juu ya kabati langu. Vijiwe vyote vitatu vimo ndani, na cha mama nimekiweka katikati.