Kiti Kilichobonyea

Jua lilikuwa linazama Hairudi aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya jengo la ghorofa, uso umemkunjamana kama mtu aliyetolewa mezani na tonge mkononi. Amekuja kukagua kiti. Kiti alichokiuza mwenyewe kwa simu, kwa picha nzuri alizopiga karibu na dirisha, na ambacho sasa mnunuzi anadai kimeharibika.

Jina la Hairudi alipewa na majirani. Kwenye ukurasa wake wa kuuza samani zilizotumika, chini ya kila picha aliandika kwa herufi kubwa: MALI IKIUZWA HAIRUDI. Wateja aliwagawa mafungu mawili: wajinga, na wajinga wanaojua kuandika. Wa kwanza walinunua wakanyamaza. Wa pili walilalamika.

Kazi ya kuwajibu alimwachia wifi yake, mdogo wa mumewe, binti mpole aliyekaa nao. Alimfundisha mwenyewe.

"Akisema kimevunjika, mwambie atume picha. Akituma, mwambie haionekani vizuri. Akituma nyingine, mwambie ni dereva aliyekibeba vibaya. Akimtafuta dereva, atachoka. Mtu akichoka anakuwa mteja mzuri."

Huyu hakuchoka. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane, na ujumbe wake ulikuwa mfupi kama wa mtu anayemwandikia mgonjwa dawa. *Kiti kimefika. Kimebonyea. Hakirudi juu.* Chini yake picha: kiti cha kuegemea, kitambaa cha kijani kipya kabisa, na katikati ya mto wake shimo.

"Mwambie viti huwa vinakaliwa," alisema Hairudi.

"Anasema hajakikalia, wifi. Hata mara moja."

"Basi kakikalia paka wake."

"Hana paka. Na anasema..." Wifi alisita. "Anasema shimo la asubuhi na la jioni hayafanani. Kama mtu anayejigeuza."

Hairudi alisonya msonyo mrefu, ule wa kuvuta kutoka kisiginoni. "Uzee huo. Umempanda kichwani, sasa anatafuta wa kumlipia."

Lakini mkunga alipeleka malalamiko kwa wenye soko la mtandaoni, nao wakaufungia ukurasa wa Hairudi mpaka shauri liishe. Hauzi kijiko, hauzi kabati. Ndiyo maana jioni ile alikuwa anapanda ngazi zile, akihema na kutukana kimoyomoyo kila ngazi aliyoikanyaga.

Mlango ulifunguka kabla hajabisha.

"Karibu, mwanangu," alisema mkunga. Alikuwa mfupi, kanga imefungwa kifuani, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Kiko wapi?"

"Sema taratibu."

"Kwa nini? Kimelala?"

Mkunga hakucheka. Alisogea pembeni.

Kilikuwa chumba kimoja. Kitanda kilichotandikwa kwa unyoofu wa hospitali, meza, jiko la gesi, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Hairudi aliangaza macho, akahesabu kila kitu pale ndani kuwa takataka. Kiti kilikuwa kwenye kona, mgongo kwao, kinatazama ukuta.

"Nimekigeuza," alinong'ona mkunga. "Nilikuwa nashindwa kula."

Kulikuwa na harufu. Harufu ya nguo zilizokaa na maji zisianikwe, na chini yake dawa ya kuchua, ile wanayopakwa wazee magotini.

"Hii harufu ni ya nyumba yako," alisema Hairudi. "Usije ukaiandika nayo kwenye malalamiko."

Alikizunguka kiti. Shimo lilikuwepo, kweli. La kina, lina mabonde mawili, na kingo zake za mbele zimelala mahali ambapo mapaja ya mtu yangelala. Aliinama, akaubonyeza mto kwa kiganja.

Ulikuwa na joto.

Alivuta mkono haraka. Kisha akaona haya kwa kuuvuta, na haya ikageuka hasira.

"Umetoka kukikalia sasa hivi! Umesikia napanda ngazi, ukainuka."

"Mimi nakaa kitandani."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Mwanangu, mimi sitaki nilipwe," mkunga alisema kwa sauti ya chini sana. "Nilitaka mwenyewe uje uone, ukichukue. Kishike miguu yake tu, usiguse..."

*Nyeee...*

Springi moja ndani ya kiti ililia. Hakuna aliyekigusa.

Mtu mwingine angeondoka hapo. Hata mbuzi angeondoka. Lakini kuna watu ambao dharau imewajaa mpaka woga umekosa pa kukaa, na Hairudi alikuwa mmoja wao.

"Mnanunua kiti, mnakiogopa, halafu mnawafungia wenzenu riziki," alisema, akikishika kiti kwa mikono yake na kukigeuza kitazame chumba. Kilikuwa kizito kuliko alivyokikumbuka. "Sasa tazama vizuri, bibi. Kiti kinakaliwa hivi."

"Usi..."

Alikaa.

Hakukalia sponji.

Alikalia mapaja.

Mapaja membamba, makavu. Magoti yaligusa nyuma ya magoti yake. Mfupa wa kifua ulimkita mgongoni, na pumzi... pumzi ya harufu ile ya dawa ya kuchua... ikamtambaa polepole kwenye sikio la kushoto.

Hairudi alifungua mdomo apige kelele.

Mikono miwili ilimzunguka kiunoni. Hakuiona, aliona tu nguo yake ikibonyea, taratibu, kulia na kushoto, mpaka vidole vikakutana juu ya kitovu na kufungana. Havikumbana kwa chuki. Vilimshika kama mgonjwa anavyomshika anayemwinua kitandani.

Mkunga alikuwa amejibanza mlangoni, kiganja mdomoni.

"Usiinuke," alinong'ona. "Mwanangu, nakuomba... tulia kwanza. Ukiinuka sasa, mtainuka wote."

Hairudi aliinuka.

Nyuma yake alisikia mto wa kiti ukivuta hewa, *fuuu*, ukijaa kama mkate unaoumuka. Hakugeuka. Alizishuka ngazi kwa matako na magoti, kiatu kimoja kikabaki juu, na hakuna aliyemwita akirudie.

Dereva wa pikipiki alikuwa bado anamsubiri. Alipopanda, kijana wa watu aligeuza shingo akatazama tairi ya nyuma.

"Mama, umebeba nini? Mbona tairi imelala?"

"Endesha!"

Njiani simu ilitetemeka. Mkunga. *Kiti kimejaa. Hakina kasoro tena. Nimefuta malalamiko. Mungu akusaidie.* Siku nyingine Hairudi angecheka, angemsomea wifi, angesema umeona? Hakucheka. Mgongo ulikuwa unamuuma, na mabega yalivutwa nyuma kama ya mtu aliyebeba mtoto mkubwa.

Aliposhushwa kwenye kona ya mtaa wao, alimpigia fundi sofa aliyekivisha kiti kile kitambaa kipya.

"Kile kiti cha kijani. Ulikuta nini ndani?"

"Si nilikuambia, dada. Ndani ya sponji kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimepigwa mishono mingi kuliko kiti chenyewe. Nikakuuliza nikirudishe ndani? Ukaniuliza mimi fundi au mganga. Ukasema nitupe takataka, nisikupotezee muda."

"Kilikuwa na nini?"

"Sikukifungua. Ila mtu akitaka kuficha kitu hashoni vile. Vile anashona anayetaka kitu kikae."

"Kiko wapi sasa?"

"Jalalani. Walishapachoma."

Akawakumbuka waliomuuzia kiti kile. Ndugu wa tumbo moja, wakihamisha vitu vya marehemu kwa haraka ya watu wanaotaka kufunga nyumba kabla ya giza. Walikitoa kiti nje wenyewe, wamekishika miguu yake, hakuna aliyegusa mto. Aliwauliza kilikuwa cha nani. "Cha mama," alijibu mkubwa wao. Kisha akawatazama wenzake, akaongeza, "Alikuwa hakai mahali pamoja. Miaka ile ya mwisho, ilibidi... tukatafuta mtu wa kumtuliza." Na Hairudi, aliyekuwa akiwacheka moyoni kwa kutojua bei ya mbao, hakuuliza kumtuliza vipi.

Alijikokota mpaka mlangoni kwake. Kila hatua ilikuwa na mwangwi wake mdogo nyuma, unyayo mkavu ukiburuzwa sakafuni. Alisimama, nao ukasimama. Aliweka mkono kiunoni. Nguo ilikuwa bado imebonyea.

Aligonga.

Wifi alifungua, kitambaa cha vyombo begani, tayari kuuliza habari za kiti. Alimtazama Hairudi. Kisha macho yake yakapanda kidogo, yakavuka bega la kushoto, na uso wake ukabadilika ukawa wa heshima, wa binti aliyelelewa vizuri anapotokewa na mgeni asiyemtarajia. Alisogea pembeni, akapisha njia pana kuliko ya mtu mmoja.

"Karibuni," alisema.

Hairudi alitikisa kichwa. Alitaka kumwambia asiseme kitu, afunge mlango, awaache hukohuko nje. Lakini vidole vilikaza tumboni, na pumzi ikamkatika.

Wifi alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye beseni huko jikoni.

Kisha, karibu kabisa na sikio la Hairudi, sauti kavu, iliyokaa muda mrefu bila kutumika, ikaitikia:

"Marahaba, mjukuu wangu. Nionyeshe pa kukaa."