Vidole vya Kisogoni

Asubuhi hiyo Raheli alikuwa akitwanga uwele kama siku zote. Ilikuwa zamani za Wadachi, reli ilipokuwa ikikaribia Gulwe, na mumewe Matonya alikuwa huko akibeba mataruma. Alipojifuta jasho kichwani, shungi la nywele likabaki kiganjani. Akalitazama, akalitupa, akaendelea kutwanga.

Tangu amzike mwanawe mchanga, mvua zilipoanza, nywele zilikuwa zikimtoka hivyo. Siku ya maziko hakulia. Hata baadaye hakulia. Mama mkwe wake alimpaka samli, akampaka utomvu wa mshubiri, wapi! Utosi ukaanza kung'aa.

"Mumeo akukute hivi, mwanangu?"

"Fanya uonavyo, mama," Raheli alijibu. Kwake yote yalikuwa sawa.

Basi akaitwa Swaumu, mwanamke wa Kirangi aliyesifika kwa kuotesha nywele. Alipasha mafuta ya nyonyo, akatia unga mweusi aliokuja nao, akamkanda Raheli kichwani taratibu mpaka ngozi ikafa ganzi.

"Ukisikia mikono nikishaondoka," alimnong'oneza, "usigeuke. Iache ifanye kazi."

Akaenda zake.

Kesho yake mchana, Raheli akiwa shambani anapalilia, alisikia vidole kisogoni. Vikashika nywele. Vikaachia. Vikashika tena.

Vilikuwa vidogo mno kuwa vya mtu mzima.

Hakugeuka. Wala hakuogopa, alishangaa tu kwamba haogopi. Kila siku vilikuja, vikivuta kama avutavyo mtoto aliye mgongoni. Nywele zikaota, laini, tele, zikafunika utosi. Raheli akawa anatembea ameinama kidogo, mkono mmoja nyuma, kama anayeshikilia mbeleko.

Mgongoni hapakuwa na kitu.

Mama mkwe aliyaona hayo. Siku moja, jua likiwa kali, alimkalisha mlangoni pa tembe akamshika kichwa. Akasita: nywele zilikuwa zikivutika zenyewe.

"Raheli. Nani anazivuta?"

"Taratibu, mama. Amelala."

Bibi kizee alichukua wembe akamnyoa. Raheli aliukodolea ukuta macho, hakumzuia. Nywele zikachomwa zote mekoni.

Vidole havikurudi.

Wakati wa mavuno Matonya alirejea, akamkuta mkewe ana kipara. Hakumlaumu. Raheli akapika, akalima, akalala, akaamka. Ukimuuliza kama anaumwa, alisema hapana.

Ila mama mkwe alianza kulalamikia shingo. Alisema ni nzito. Kichwa chake kilikuwa cheupe pe kwa mvi, lakini kisogoni paliota kishungi cheusi, laini kama cha mtoto wa juzi. Walikinyoa, kikaota. Walikinyoa tena, kikaota. Mwishowe wakakiacha.

Alipofariki, wanawake waliomwosha waliukuta mwili wote umekwisha kupoa, isipokuwa hapo kisogoni.