Karatasi ya Kiangazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Namelok alikamua ng'ombe. Tangu mama yake afariki, kazi hiyo ilikuwa yake. Baba yake, mzee Sakaya, alisimama langoni mwa boma akiwatazama ng'ombe wakitoka, na kama kawaida yake alikuwa akinung'unika.

"Gari la wapimaji limerudi hapa Kakesio. Wakubwa wakija na gari, lazima kuna kitu kitakachoondoka na gari."

"Mwalimu anasema wanachora ramani tu, baba."

"Tu! Hata zahanati walisema inakuja. Mama yako alikufa akiisubiri."

Namelok akaweka chini kibuyu cha maziwa. Akashika njia ya shule.

Darasani, bwana Josephati, mpimaji kutoka Arusha, alikuwa ametandaza mezani karatasi za plastiki zinazoonyesha upande wa pili kama kioo. Moja ilichorwa milima na uwanda. Nyingine ilichorwa maji kwa rangi ya buluu. Ya tatu ilikuwa tupu.

"Kila jambo lina karatasi yake," alisema. "Boma ni nukta. Njia ni mstari. Malisho ni eneo tunalolizungushia mstari. Tukizilaza karatasi moja juu ya nyingine, zinatueleza yale ambayo karatasi moja haiwezi. Ulaya wanatumia kompyuta, sisi tunatumia macho. Mmeelewa?"

"Ndiyooo!" darasa zima likaitika.

Namelok naye aliitika, ingawa kichwani mwake kulikuwa na ukungu mtupu. Boma linakuwaje nukta? Ndama wanalala wapi humo?

Mpimaji akawaita watoto mmoja mmoja waonyeshe kwao kwenye karatasi, na zamu ya Namelok ikafika. "Kwenu ni wapi?"

Akakumbuka alikotoka asubuhi ile, akaonyesha uwandani.

"Mnakaa hapo siku zote?"

Siku zote? Leo walikuwa hapo. Jana pia. Nyuma yake, mwanafunzi mwenzake Nasha alishaanza kucheka kichinichini.

"Ndiyo," Namelok akasema haraka.

Josephati akaweka nukta nyekundu kwenye ile karatasi tupu. Waliofuata, hata Nasha, wakajibu kama alivyojibu yeye.

Kisha mpimaji akazilaza karatasi zote pamoja. Nukta nyekundu zilijaa uwandani. Juu mlimani, chemchemi ilibaki peke yake.

"Chemchemi hii haina watu," akasema huku akiandika. "Wakubwa wanatafuta maji ya kambi ya watalii. Watafurahi."

Namelok akainamia meza aitazame vizuri. Haina watu? Kila kiangazi, uwanda ukikauka, walihamia kando ya chemchemi ileile. Bila maji yale ng'ombe wangekufa wote. Lakini nukta ilikuwa palepale alipoonyesha mwenyewe. Kosa lilikuwa wapi?

Adhuhuri, wakati mpimaji akipakia vitu garini, mzee Sakaya akafika na fimbo yake. Habari zilishamfikia.

"Chemchemi yetu umempa nani?"

"Mzee, watoto wenyewe ndio walioonyesha."

"Uongo! Mmewatega watoto! Ndivyo mlivyo nyie, miaka yote!"

Nasha akatazama vidole vya miguu yake. Namelok alijua kwamba akinyamaza, lawama zote zitamwangukia mpimaji. Lakini gari lingeondoka na karatasi zilezile.

"Baba, ni mimi," akasema. "Aliuliza kama tunakaa uwandani siku zote. Sikumwelewa, nikasema ndiyo."

Josephati akamgeukia. "Uwandani mnakaa lini?"

"Wakati wa mvua."

"Na kiangazi?"

"Mlimani, kwenye chemchemi."

Mpimaji akatoa karatasi nyingine, tupu. "Basi mna maboma ya masika na maboma ya kiangazi. Zinahitajika karatasi mbili." Watoto wakaonyesha tena. Karatasi hiyo ya kiangazi ilipolazwa juu ya ile ya maji, nukta ziliizunguka chemchemi kama ndama wakimzunguka mama yao. Josephati akafuta maneno yake, akaandika upya: maji haya yana watu.

"Wakubwa wako wataitazama hiyo?" mzee akauliza.

"Nitaipeleka, mzee. Hilo liko ndani ya uwezo wangu."

Njiani Namelok alisubiri fimbo. Haikuja.

"Kutoelewa si aibu," baba yake akasema. "Mimi mwenyewe sielewi nusu ya maneno yao. Ila usiitikie usichokielewa, mwanangu. Wakubwa wanawapenda sana watu wa ndiyo. Huwachukulia mali yao huku wakiwashukuru." Akatembea kidogo. "Haya, niambie. Boma linakuwaje nukta?"

Namelok akafungua kinywa, kisha akasita.

"Bado sijaelewa vizuri, baba. Kesho nitamuuliza mwalimu."

Mzee Sakaya akamwekea kiganja kichwani. "Hapo sasa," akasema, "umesoma."